Kabla ya kushuka Ngomo: plaketi za freni zibadilishwe lini?

Plaketi ya freni iliyobaki milimita 4 ni nzima ama imeisha? Kwa dereva wa taksi anayezunguka Bukavu, kati ya Kadutu, Nyawera na Panzi, fundi atajibu bila kusita kwamba bado iko, inaweza kufanya kazi majuma kadhaa. Lakini siku dereva huyohuyo anapopakia abiria na mifuko yao kwenda Uvira, na njia yake ni ile inayoshuka Ngomo, jibu hilohilo linakuwa la hatari. Plaketi haikubadilika, milimita zake ni zilezile. Kilichobadilika ni joto ambalo itapaswa kubeba.

Katika gareji nyingi, freni hupimwa kwa swali moja tu: zimeisha ama bado? Mtu anachungulia, anaona kuna kitu cheusi kimebaki juu ya chuma, anasema bado. Swali hilo linatosha kwa gari inayotembea polepole mjini. Kwa gari inayoenda kushuka mlima mrefu na mzigo, swali linapaswa kuwa lingine: je, kilichobaki kinaweza kuvumilia moto wa leo?

"Fanya safari moja kwanza"

Anayesafiri mara nyingi kati ya Bukavu na Uvira anajua jinsi mambo yanavyokwenda. Mara nyingi gari si ya dereva. Kila jioni anapaswa kumpelekea mwenye gari versemani yake, na siku gari inapolala gareji versemani haipatikani, lakini watoto wa pande zote mbili watataka kula. Dereva anapiga simu: "Patro, plaketi za mbele zimekuwa nyembamba." Patro naye yuko na hesabu zake, pesa ya masomo ya watoto, deni la pine alizonunua mwezi uliopita. Anajibu: "Fanya safari moja kwanza. Ukirudi tutaona."

Patro huyo si mjinga. Hesabu yake ni sahihi kwa upande mmoja: safari moja ya kwenda Uvira haiwezi kula milimita 4 za plaketi. Gari itafika chini na plaketi bado ziko, ikiwa itafika. Ndiyo maana hoja yake ni ngumu kuvunja, na ndiyo maana madereva wengi wanaikubali. Kosa liko mahali pengine. Juu ya mteremko mrefu, freni inaweza kukataa kufanya kazi wakati plaketi haijaisha kabisa.

Bidoni mbili za maji yanayochemka

Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika, kule Uvira, liko karibu mita 770. Mto Ruzizi, unaotoa maji ya ziwa la kwanza na kuyapeleka katika la pili, unashuka tofauti hiyo ya mita karibu 690, na barabara ya kitaifa namba 5 haina ujanja mwingine: nayo lazima ishuke. Sehemu kubwa ya deni hilo inalipwa mahali pamoja, Ngomo, kati ya Nyangezi na Kamanyola, kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na shimo upande mwingine. Wenye uwezo hupita Rwanda, kwenye lami, hadi Bugarama, kisha wanarudi Kongo kwa Kamanyola. Hiyo inataka makaratasi, na inataka mpaka uwe wazi. Watu wa kaskazini wanayo Kabasha yao, pale barabara ya kitaifa namba 2 inapopanda kutoka uwanda wa Rwindi kuelekea Kanyabayonga.

Freni hazimezi mwendo wa gari ukapotea. Zinaugeuza kuwa joto, na joto hilo linapaswa kwenda mahali fulani. Chukua gari ya tani 2 pamoja na watu wake, inashuka mita 600 kwa kimo, na dereva anaizuia kwa mguu peke yake. Joto linalotoka kwenye freni zake kabla ya kufika chini lingetosha kuchemsha lita 35 hivi za maji ya baridi, ni kusema bidoni karibu mbili za lita 20. Lori la tani 20 kwenye mteremko huohuo ni bidoni karibu 18. Moto wote huo unaingia katika vyuma vichache ambavyo mtu anaweza kuvibeba mikononi, na unaingia kwa muda wa safari ya kushuka tu.

Kwa kulinganisha, gari ndogo ya kilo 1,500 inayosimama mara moja kutoka kilomita 100 kwa saa inatoa joto la kuchemsha maji lita moja na nusu na ushehe. Kisha inapumzika. Mjini freni zinapata nafasi ya kupoa kati ya kona moja na nyingine, upepo unapita kwenye diski, joto linaondoka. Ngomo haitoi nafasi hiyo.

Plaketi ni ukuta pia

Plaketi mpya ya gari ndogo huwa na milimita 10 hadi 12 za kile kitu kinachosugua diski, ukiacha kando bamba la chuma lililo nyuma yake. Watu wanakiona kama sabuni: kinaisha kidogo kidogo, na kikiisha unanunua kingine. Lakini kina kazi ya pili ambayo haionekani. Upande mmoja wa plaketi kuna diski inayoweza kufika mamia ya digrii. Upande mwingine kuna pistoni, na nyuma ya pistoni kuna mafuta ya freni. Plaketi ndiyo iliyo katikati. Ikiwa nene, inazuia moto usipite haraka. Ikiwa nyembamba, inapata moto wote kwa dakika chache na kuupitisha hadi kwenye mafuta.

Hapo freni inaweza kufa kwa njia mbili, na dereva mwenye masikio kwenye mguu wake anaweza kuzitofautisha.

Njia ya kwanza ni ya plaketi yenyewe. Plaketi nyingi za kawaida huanza kupoteza nguvu joto lake likipita digrii 300 au 400. Pedali inabaki ngumu kama kawaida, dereva anakanyaga, anakanyaga tena kwa nguvu zote, na gari inaendelea kuteleza kama kwamba mtu amepaka siagi kwenye diski. Kuna harufu ya kuungua, wakati mwingine moshi.

Njia ya pili ni ya mafuta, na ndiyo mbaya zaidi. Mafuta yakichemka yanatoa mapovu ya mvuke. Mafuta hayabanwi, ndiyo maana nguvu ya mguu inafika kwenye magurudumu, mvuke unabanwa. Pedali inakuwa laini, inazama hadi chini, na hakuna kinachotokea. Hakuna dalili ndefu kabla yake. Kona iliyopita freni zilishika, kona hii hazipo.

Wanachofanya wenzao wa Nürburgring

Kuna watu duniani ambao wameifikiria plaketi hii kuliko mtu yeyote, nao si madereva wa mizigo. Ni wale wanaopeleka magari yao ya kawaida kwenye viwanja vya mashindano siku ambazo hakuna mashindano, wanalipa kiingilio na kukimbia kwa furaha yao. Kiwanja kinachojulikana zaidi ni Nürburgring, nchini Ujerumani, kilichofunguliwa mwaka 1927 katika milima ya Eifel. Njia yake ya kaskazini, Nordschleife, ina karibu kilomita 21 kwa mzunguko mmoja, na kati ya mahali pa juu na pa chini kuna tofauti ya mita 300 hivi. Ubelgiji wanacho Spa-Francorchamps, cha kilomita 7.

Asubuhi ya siku hiyo, au tuseme jioni mbili tatu kabla yake, watu hawa hawajiulizi kama plaketi imeisha. Wanajiuliza kama imefika nusu. Ikiwa chini ya nusu, milimita 5 au 6, wengi wanabadilisha ama wanaacha gari nyumbani, hata kama plaketi hiyohiyo ingewapeleka kazini miezi mingine mingi. Wengine wanabeba plaketi za akiba kwenye buti. Mtu anaweza kusema hiyo ni anasa ya matajiri, na kwa sehemu ni kweli. Lakini sababu ya kanuni yao haitoki kwenye mfuko. Wameona kwamba plaketi ambayo barabarani ingedumu makumi ya maelfu ya kilomita inaweza kuliwa kwa siku moja au mbili za joto kali, na kwamba ile nyembamba inaisha haraka kuliko ile nene, kwa sababu inachemka mapema.

Sasa, nani ana mateso zaidi, yule wa Nürburgring ama yule wa Ngomo? Yule wa kiwanjani anabana freni kwa nguvu sana, lakini sekunde chache tu, kisha anaongeza mwendo na upepo unapoza diski. Akisikia pedali imekuwa laini, anatembea polepole hadi freni zipoe, anarudi kwenye maegesho. Anayeshuka Ngomo na watu tisa anabana kidogo lakini mfululizo, kwa mwendo mdogo usioleta upepo, vumbi likiwa limejaa kwenye etriye, na lori la nyuma linapiga honi. Hana uzio wa kumpokea akikosa kona. Ikiwa kuna mtu wa kufuata kanuni ya nusu, ni yeye.

Jambo moja la wale wa viwanjani si la kuiga: plaketi zao za mashindano. Zile zinataka joto ili zishike. Zikiwa baridi, kama alfajiri wakati wa kutoka Bukavu, zinashika vibaya, tena zinakula diski haraka. Plaketi ya kawaida iliyo nzuri na nene ni bora.

Kwa hiyo kwa barabara hizi hesabu inaweza kuwekwa hivi. Milimita 3: badilisha, hata kama gari haitoki mjini. Chini ya nusu ya unene wa mpya: mjini ni sawa, lakini badilisha kabla ya kushuka mlima mrefu ukiwa na mzigo. Mwenye hesabu kali anaweza kuziweka zile za zamani, akaandika ya kushoto na ya kulia, ya ndani na ya nje, na kuzirudisha kwa kazi ya mjini. Ni kazi ya ziada kwa fundi, lakini si pesa iliyotupwa.

Si asubuhi ya safari

Kuna kosa lingine linalofanywa na watu wenye nia nzuri. Patro amekubali, plaketi mpya zimenunuliwa, fundi anazifunga saa kumi na moja asubuhi, na saa kumi na mbili gari imejaa inaelekea Nyangezi. Plaketi mpya juu ya diski ya zamani bado hazijajuana. Uso wa plaketi umenyooka, uso wa diski una mifereji. Vinagusana hapa na pale tu, na pale vinapogusana ndipo joto lote linapokusanyika. Plaketi mpya ikipata moto mkali siku ya kwanza inaweza kutoa gesi na kuteleza kuliko ile nzee iliyotolewa.

Ndiyo maana plaketi zinapaswa kufungwa siku mbili au tatu kabla, na kuzoeshwa. Mafundi wenye uzoefu hufanya hivi: mahali palipo wazi, gari inafikishwa karibu kilomita 60 kwa saa, inapunguzwa hadi 20 bila kusimama kabisa, inaachwa itembee kidogo, kisha tena, mara kumi hivi. Baadaye inatembezwa dakika kadhaa bila kugusa freni ili ipoe. Wakati freni ziko moto si vizuri kusimama na kuendelea kukanyaga pedali, kwa sababu plaketi inaacha alama yake kwenye diski na gari itaanza kutetemeka kila inapofunga. Harufu kidogo siku hiyo si ya kuogopesha.

Plaketi hubadilishwa kwa jozi, gurudumu la kushoto na la kulia pamoja. Kubadilisha upande mmoja kwa sababu ndio ulioisha ni kuiambia gari ivute upande mmoja.

Plaketi ya ndani ndiyo inayodanganya

Fundi akichungulia kati ya nafasi za gurudumu anaona plaketi ya nje. Ile ya ndani, upande wa pistoni, haionekani, na katika magari mengi ndiyo inayoisha kwanza, zaidi sana pale ambapo misumari ambayo etriye hutelezea imekauka kwa vumbi na matope. Si ajabu kukuta ya nje ina milimita 7 na ya ndani imebaki 2. Kwa hiyo kabla ya safari ya mlima, kriki inawekwa, gurudumu linatolewa, taa ya simu inaingizwa ndani. Ni kazi ya dakika ishirini.

Asiye na kipimo anaweza kutumia kijiti cha kiberiti: unene wake ni karibu milimita 2. Vijiti vitatu vikipangwa pamoja ni karibu 6, nusu ya plaketi mpya. Kinachopimwa ni kile kinachosugua, bila bamba la chuma la nyuma. Atazame pia kama imeliwa sawasawa, ama upande mmoja umekwisha na mwingine bado. Ikiwa imeliwa mshazari, etriye inakwama na plaketi mpya nayo itakwisha hivyohivyo. Nyufa ndogo juu ya uso ni kawaida. Vipande vilivyokatika pembeni, ama plaketi inayoanza kuachana na bamba lake, hizo ni za kutupa bila kupima.

Diski nayo ina umri. Watengenezaji wengi huandika unene wa chini kabisa kwenye diski yenyewe, kwa maandishi ya kugongwa, na neno "MIN" mbele ya namba. Diski nyembamba ni sufuria nyembamba: inapata moto haraka. Kwenye diski iliyofika kipimo hicho, plaketi mpya ni pesa ya bure.

Kuhusu kelele, magari mengi yana kibati kidogo kinachoanza kulia kwenye diski plaketi inapokaribia kuisha. Ni msaada mzuri kwa mjini. Lakini kinalia zikiwa zimebaki milimita 2 au 3, ni kusema muda mrefu baada ya plaketi kuacha kufaa kwa Ngomo. Anayengoja kelele amechelewa.

Mafuta ambayo hakuna anayeyabadilisha

Hapa ndipo pengine pana hatari kubwa kuliko plaketi zenyewe. Mafuta ya freni ya kawaida yanavuta maji kutoka hewani, polepole, hata kifuniko kikiwa kimefungwa. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya yanapaswa kuvumilia hadi digrii 205 angalau kabla ya kuchemka. Yakishaingia maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho kinashuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakiwa na maji. DOT 5.1 ni 260 na 180. Watengenezaji wengi wa magari wanashauri kuyabadilisha yote kila baada ya miaka miwili hivi. Gari ya okazio iliyofika Kongo ikiwa na miaka kumi na mitano inaweza kuwa haijawahi kubadilishiwa.

Kinachofanyika mara nyingi ni kuongeza. Plaketi zikiisha, pistoni zinatoka nje zaidi, na mafuta yanashuka kwenye kichupa. Mtu anaona yameshuka, anaongeza, anaridhika. Kwa kweli kichupa kilikuwa kinamwambia kwamba plaketi zimekwisha, naye akakifunga mdomo. Siku fundi anapoweka plaketi mpya na kusukuma pistoni zirudi ndani, mafuta yanamwagika juu na kuharibu rangi ya gari.

Mafuta yaliyogeuka rangi kama chai nyeusi yanapaswa kutoka yote na hewa itolewe kwenye mabomba. Anayefanya safari za mlima kila juma na anapata DOT 4 kwenye duka, achukue hiyo badala ya DOT 3, vinaweza kuchanganyika. DOT 5, isiyo na nukta moja mwishoni, ni kitu kingine kabisa, haichanganywi na hizo.

Herufi mbili kwenye pembe

Mwaka 1888, Bertha Benz, mke wa Carl Benz, aliondoka Mannheim na wanawe wawili kwenye gari ya mumewe, akasafiri zaidi ya kilomita 100 hadi Pforzheim. Vipande vya mbao vilivyokuwa vinafunga magurudumu vilikwisha kwenye miteremko, akamwendea mshona viatu njiani avipige ngozi. Miaka tisa baadaye, Uingereza, Herbert Frood aliona wenye mikokoteni ya farasi katika vilima vya Derbyshire wakifunga viatu vikuukuu kwenye freni zao, akaanza kutafuta kitu kinachodumu zaidi. Kampuni aliyoianzisha ni Ferodo, ambayo jina lake bado liko kwenye maboksi ya plaketi. Ni kusema plaketi ilizaliwa kwa sababu ya miteremko.

Leo tatizo si kukosa plaketi bali kujua unanunua nini. Boksi linalofanana na la Toyota si ushahidi. Plaketi nyingi huwa na herufi mbili zilizochapwa pembeni au mgongoni, kama FF, FE au GG. Ya kwanza inaonyesha jinsi inavyoshika ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa moto sana. E ni dhaifu, F ni ya wastani, G ni kali zaidi. Plaketi ya FE inashika vizuri mjini na kulegea ikipata moto; kwa mlima FF ni afadhali. Zile zilizokubaliwa Ulaya huwa na herufi E ndani ya duara na maandishi R90. Bila shaka anayeweza kuiga boksi anaweza kuiga herufi pia. Lakini plaketi isiyo na alama yoyote, nyepesi mkononi, inayoacha unga ukiikwaruza kwa kucha, haina sababu ya kupewa watu tisa.

Unga huo usipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa. Plaketi na garnitiri za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, inayoleta saratani ya mapafu, na hakuna anayeweza kuitambua kwa macho. Kitambaa chenye maji kinatosha.

Moteri ndiyo freni ya kwanza

Plaketi nene na mafuta mapya havimsaidii dereva anayeshuka bila vitesi. Wapo wanaotoa vitesi, na hata kuzima moteri, ili kuokoa mafuta. Kwenye magari mengi ya kisasa, yale yenye moteri inayopulizia mafuta kwa kompyuta, hesabu hiyo ni kinyume: gari ikishuka ndani ya vitesi na mguu uko mbali na aksele, kompyuta inakata mafuta kabisa, ilhali bila vitesi moteri inaendelea kunywa ili isizimike. Anayezima moteri anapoteza pia msaada wa freni baada ya kukanyaga mara mbili tatu, na usukani unakuwa mzito.

Kanuni ya wazee wa barabara bado ni nzuri: shuka na vitesi ambayo ungepandia. Iwekwe kabla ya kuanza kushuka, si katikati. Kisha freni zinakanyagwa kwa nguvu kidogo, mwendo unapungua, mguu unaondoka kabisa, diski zinapumua.

Kwa malori hali ni ngumu zaidi, kwa sababu mengi yanatumia tamburi, si diski. Tamburi likipata moto linapanuka na kuikimbia garnitiri iliyo ndani yake, hivyo pedali inashuka zaidi kadiri joto linavyopanda. Kukanyaga mara nyingi mfululizo kunamaliza hewa kwenye matangi. Freni ya kwenye moshi, ambayo madereva wengine wanaiacha imeharibika kwa sababu lori linatembea bila hiyo, ndiyo iliyotengenezwa kwa Ngomo na Kabasha.

Motari naye hasahauliki. Moto nyingi za kazi zina tamburi nyuma, na kwenye nyingi kuna mshale mdogo kwenye mkono wa freni: ukifika kwenye alama iliyochongwa pembeni wakati freni imekanyagwa, garnitiri zimekwisha. Wengi hukaza nati ya nyuma hadi nyuzi zinaisha, bila kuutazama huo mshale.

Ukifika Kamanyola

Gari iliyoshuka vizuri bado ina moto. Ikiwezekana itembee dakika chache kwenye tambarare bila freni, upepo upoze diski, kabla ya kusimama. Maji yasimwagwe kwenye gurudumu linalotoa moshi: chuma cha diski na tamburi kikipata baridi ya ghafla kinaweza kupasuka, na ufa huo hautaonekana hadi safari ya kurudi. Freni ya mkono isivutwe kwa nguvu juu ya vyuma vyenye moto; vitesi ya kwanza na jiwe nyuma ya gurudumu vinatosha. Jiwe hilo liondolewe barabarani wakati wa kuondoka, maana motari wa usiku haoni jiwe.